Udongo wa Mabamba: Historia ya Ujenzi wa Nyumba Buha na Suala la Kujitegemea

Katika madarasa yetu ya siasa, likitajwa suala la kujitegemea, mawazo ya wanafunzi hukimbilia mahali pawili: shambani na kiwandani. Nyumba haitajwi, au hutajwa mwishoni kama jambo la huduma, sawa na zahanati na bomba la maji. Mtazamo huu hauna budi kuchunguzwa. Nyumba ya mkulima si huduma anayopewa. Ni kitu anachokizalisha mwenyewe kwa nguvu zake, kwa zana zake na kwa ujuzi wake. Kwa hiyo ujenzi wa nyumba ni sehemu ya uzalishaji mali, na historia yake ni historia ya nani anatawala zana, nani ana ujuzi, na nani anamtegemea nani.

Makala hii inakusudia kuitazama historia hiyo katika nyanda za juu za Kigoma, yaani Kibondo na Kasulu, na hasa kata ya Mabamba. Hatukulichagua eneo hili kwa sababu lina maajabu. Tumelichagua kwa sababu karibu kila jambo lililoipata nyumba ya mkulima wa Tanzania lilipita pale, tena wazi wazi: kodi, manamba, kuhamishwa, vijiji, saruji na wakimbizi.

Mabamba ni kata ya mpakani katika Wilaya ya Kibondo. Ukivuka upo Burundi. Ni nchi ya migongo ya vilima na mabonde yenye unyevu, ya migomba, mahindi na maharage. Ardhi yake kwa sehemu kubwa ni udongo mwekundu, na vichuguu vya mchwa havihesabiki. Mvua huanza Oktoba au Novemba na kuendelea hadi Mei, kisha hufuata kiangazi cha Juni hadi Septemba. Ratiba hiyo ya mbingu ndiyo ratiba ya fundi wa udongo. Asiyeielewa hatajenga, hata akiwa na cheti cha uashi.

Nyumba ya kale na uhusiano wa uzalishaji

Kabla ya ukoloni Buha ilikuwa na tawala kadhaa, miongoni mwake Heru, Luguru, Muhambwe na Buyungu. Mabamba ipo katika nchi ya Muhambwe. Kila utawala ulikuwa na mwami wake, na chini yake watware. Pamoja nao walikuwapo wateko, wenye dhamana ya ardhi na matambiko yake. Walikuwapo wenye ng'ombe wengi na wasio nao, na uhusiano wa ubugabire uliwafunga wasio nao kwa wenye nao. Aliyepewa ng'ombe alilipa kwa utii na kwa kazi za mikono, na kujenga na kukarabati ua wa bwana kulikuwa miongoni mwa kazi hizo. Tunalisema hili mapema ili msomaji asidhani tunataka kumrudisha kwenye zama za dhahabu ambazo hazikuwapo. Ujima ulikuwapo, lakini ulikuwa pamoja na unyonyaji.

Nyumba yenyewe ilikuwa msonge. Fito ndefu zilichomekwa ardhini kwa duara, zikapindwa na kukutanishwa juu, zikafungwa kwa kamba za magome kwa mizunguko mingi, kisha nyasi zikashushwa tabaka juu ya tabaka, mara nyingi mpaka karibu na ardhi. Atazamaye haraka huiita nyumba ya nyasi. Kwa hakika ilikuwa nyumba ya hesabu. Duara huzunguka eneo kubwa kwa ukuta mfupi kuliko umbo jingine lolote. Mteremko mkali humwaga maji ya mvua kabla hayajapenya. Na upepo wa milimani haupati pembe ya kushika.

Moshi wa jiko la ndani uliumiza macho na vifua, hilo lisifichwe. Lakini moshi huo huo ulikausha nyasi na kuwazuia wadudu kuzila. Baadaye wananchi walipofundishwa kuhamishia jiko nje, jambo lililokuwa jema kwa afya, watu wengi walishangaa kuona paa linaoza upesi kuliko zamani. Aliyefundisha alijua nusu ya jambo. Mfano huu mdogo tunaomba ukumbukwe, kwa sababu utajirudia.

Nyumba za pembe nne zilifika kwa njia mbili. Njia ya kwanza ilikuwa Ujiji, mji wa biashara ya misafara, ambako tembe za kuta za udongo zilikuwa za kawaida katika karne ya 19. Livingstone na Stanley walipokutana pale mwaka 1871, walikaa barazani mwa tembe ya namna hiyo. Njia ya pili ilikuwa misheni. Wamisionari Weupe walifika Ujiji mwaka 1879, na baadaye misheni zilipoingia ndani ya Buha zilileta tofali la kuchoma, tanuru na ukuta wa pembe nne. Tofali la kuchoma lilikuja likiwa la kanisa, la shule na la nyumba ya padri, na tangu siku ya kwanza lilivaa cheo. Udongo ulikuwa ule ule. Kilichobadilika ni nani aliyeusimamia.

Ukoloni: nyumba yageuzwa chombo cha kodi

Kwa amri ya mwaka 1897, Wajerumani walianza kutoza kodi ya nyumba katika koloni lao. Kodi haikuhesabiwa kwa mavuno wala kwa mifugo, bali kwa nyumba. Mahali pengi matokeo yake yalikuwa kwamba watu walibanana katika nyumba chache ili walipe kidogo. Buha ilikuwa mbali na mkono wa serikali, kwa hiyo uzito wa kodi ulifika kwa kuchelewa. Hata hivyo ulifika. Wabelgiji walioikalia sehemu hiyo tangu vita vya 1916 walikabidhi kwa Waingereza mwaka 1921, na Waingereza wakaendelea na kodi ya nyumba na ya kichwa.

Fedha ya kodi ingetoka wapi? Reli ilikuwa imefika Kigoma mwaka 1914, lakini haikuja kununua mazao ya Kibondo. Ilikuja kuchukua watu. Buha ikawa mojawapo ya maghala makubwa ya nguvukazi ya mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. Baada ya mwaka 1944, wenye mashamba walipounda ofisi yao ya kuajiri iliyojulikana kwa jina la SILABU, uchukuaji wa manamba ulipangwa kama biashara ya mizigo.

Wanahistoria wameandika sana juu ya athari za manamba kwa kilimo, lakini kidogo sana juu ya nyumba. Tufikiri pamoja. Msonge au banda la udongo hudumu kwa kukarabatiwa: nyasi huongezwa, fito zilizoliwa hubadilishwa, ukuta hukandikwa upya. Kazi hiyo ina msimu wake mmoja, kiangazi, na ina ugumu unaotaka watu wazima kadhaa kwa pamoja. Kijana aliyekwenda mkonge kwa mkataba alikosa kiangazi kimoja, viwili, na mara nyingi zaidi. Alikosa pia miaka ile ambayo angesimama pembeni mwa baba yake na mjomba wake akishika kamba, akiona kwa nini ufito huu unakataliwa na ule unachukuliwa. Ujuzi wa namna hii haukuandikwa popote. Ulikaa katika mikono, na mikono ilikuwa Tanga ikikata mkonge.

Jambo la pili lilikuwa malale. Katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya kikoloni, chini ya uongozi wa Dk. George Maclean, iliwahamisha watu wengi wa magharibi ya Tanganyika, pamoja na sehemu za Buha, kutoka katika makazi yaliyotawanyika na kuwaweka katika makazi ya pamoja yaliyofyekwa ili kuwaepuka mbung'o. Ugonjwa ulikuwa wa kweli na vifo vilikuwa vya kweli. Lakini nyumba za makazi hayo zilijengwa kwa amri na kwa haraka, mahali ambapo wengi hawakuzoea udongo wake, nyasi zake wala miti yake. Wakati huo hapakuwa na Chama wala Uhuru. Hata hivyo kada anayesoma historia ya vijiji vyetu vya miaka ya 1970 atafanya vizuri kuanza na makazi ya malale.

Vijiji, na nyumba zilizojengwa kwa tarehe

Azimio la Arusha la 1967 lilisema bayana kwamba maendeleo yanataka watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora. Fedha haikutajwa kuwa msingi. Kwa suala la nyumba, tafsiri ya msimamo huo ingekuwa rahisi kabisa: watu tunao, udongo tunao, tujenge. Utekelezaji haukuwa rahisi hivyo.

Operesheni Kigoma ilianza mwaka 1972, kabla ya agizo la Novemba 1973 lililotaka wananchi wote wa vijijini wawe wanaishi katika vijiji ifikapo mwisho wa 1976. Familia zilizokuwa zimekaa juu ya migongo ya vilima, katikati ya migomba yao, ziliteremshwa au kusogezwa kandokando ya barabara na kupangwa katika mistari. Kufikia mwaka 1977 nchi nzima ilikuwa na vijiji zaidi ya 7,000 vyenye watu zaidi ya milioni 13. Manufaa yalikuwapo: shule, zahanati, visima na madarasa ya watu wazima visingefikishwa kwa urahisi katika kila mgongo wa kilima. Nasi hatukubaliani na wale ambao leo husimulia vijiji kana kwamba havikuacha kitu chochote isipokuwa machozi.

Lakini nyumba ni shahidi mwaminifu, na ushahidi wake ni mbaya. Operesheni zilifuata tarehe za vikao, hazikufuata kiangazi. Palipohamishwa watu mvua ikiwa karibu, walijenga vibanda vya miti mibichi na nyasi chache, kwa miezi michache, wakisema watajenga vizuri baadaye. Mti mbichi uliozikwa ardhini katika nchi ya vichuguu ni chakula cha mchwa. Kwa kuwa mamia ya familia zilikata miti kwa wakati mmoja mahali pamoja, mirunda na nyasi za kuezekea vilikwisha karibu na kijiji, na mwaka uliofuata vilitafutwa mbali. Mahali pengine nchini watendaji walibomoa au kuchoma nyumba za zamani ili watu wasirudi. Kitendo hicho kilikuwa kinyume cha siasa ya Ujamaa, na Chama chenyewe kilikuwa kimekwisha kusema kwamba Ujamaa haulazimishwi.

Tuwakumbushe wasomaji kisa cha Misri, kwa kuwa kinafanana. Mnamo 1945 msanifu Hassan Fathy alipewa kazi ya kujenga kijiji kipya cha Gourna karibu na Luxor. Alijenga kwa tofali mbichi za udongo, akawaleta mafundi kutoka Aswan waliojua kujenga paa la kuba bila kipande cha ubao. Kazi ilikuwa nzuri na ya bei nafuu. Lakini wakazi, ambao riziki yao ilitegemea makaburi ya kale waliyoishi juu yake, hawakutaka kuhama, na kijiji kikakwama. Udongo haukuwa na kosa. Kosa lilikuwa kumjengea mtu bila yeye.

Ibada ya saruji

Katika miaka ile ile Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio, kusoma na kutenda. Vyoo vilichimbwa, madirisha yakatobolewa. Hii ilikuwa elimu kwa vitendo kwa maana kamili. Mafunzo ya nyumba bora hayakupata bahati hiyo. Mahali pengi nyumba bora ilielezwa kwa vifaa vyake, wala si kwa ufundi wake: nyumba bora ni ya saruji na bati. Mengine yote yaliitwa nyumba za muda. Mikopo ilifuata maneno hayo, na heshima ikafuata mikopo.

Hesabu ya saruji kwa Mabamba ni hii. Kiwanda cha kwanza nchini, cha Wazo Hill, kilifunguliwa mwaka 1966 nje kidogo ya Dar es Salaam. Chokaa ya mawe huchomwa na udongo katika tanuru lenye joto la nyuzi 1,450 hivi, kwa mafuta ambayo wakati huo yalinunuliwa kwa fedha za kigeni. Mfuko husafirishwa kwa reli kiasi cha kilomita 1,250 hadi Kigoma, kisha kwa barabara zaidi ya kilomita 200 hadi Kibondo, kisha mpaka Mabamba. Mkulima wa maharage alikuwa analipia mafuta ya Uarabuni na injini za reli ili asimamishe ukuta katika nchi iliyojaa udongo.

Mwalimu aliligusa jambo hili bila kumung'unya maneno mwaka 1977, alipotoa tathmini ya miaka 10 ya Azimio. Aliwashutumu wanaokaa wakisubiri saruji na bati ilhali wamezungukwa na udongo wa kutengeneza matofali na vigae, akaliona jambo hilo kuwa ni ugonjwa wa fikra, kuiona saruji kuwa ni udongo wa Ulaya na hivyo bora kwa sababu hiyo tu. Maneno yalikuwa makali, lakini ofisi nyingi za Chama na serikali ziliendelea kujengwa kwa saruji na bati. Mwananchi huangalia kiongozi anajenga nini kuliko anavyosikiliza anasema nini.

Kisha ikaja shida yenyewe. Baada ya vita vya Kagera vya 1978–79 na upungufu wa fedha za kigeni, saruji ikawa ya vibali, na palipo na kibali hapakosi mlanguzi. Aliyekuwa na jamaa katika ofisi alijenga; asiyekuwa naye alisimamisha kuta akabaki na pagale. Wakati huo juhudi njema zilikuwapo. Kitengo cha utafiti wa ujenzi kilichoanzishwa Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1970 kilichunguza udongo uliochanganywa na saruji kidogo, na mwaka 2001 kikawa Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba na Vifaa vya Ujenzi. SIDO ilianza 1973, CAMARTEC ya Arusha 1981, na Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vilianza 1975, Kasulu na Kibondo vikiwa miongoni mwa maeneo yaliyopata vyuo hivyo. Benki ya Nyumba ilikufa mwaka 1995. Pamoja na hayo ujuzi ulifika kijijini kwa matone.

Tofali la kuchoma nalo lataka maelezo, maana ndilo lililoshinda baada ya soko kufunguliwa katika miaka ya 1980. Pembezoni mwa kila kijiji cha Buha leo utaona tanuru likifuka. Tofali hili ni imara, na fundi wake ni mwananchi. Lakini huchomwa kwa kuni, nazo kuni ni miombo ile ile inayotegemewa kwa mvua, nyuki na jiko. Ushauri wa Mwalimu wa matofali ya kuchoma ulikuwa sahihi dhidi ya ibada ya saruji; kwa hali ya misitu ya sasa haupaswi kurudiwa kama kasuku. Wanaosema saruji ndiyo itakayookoa misitu nao wajue kwamba viwanda vya saruji duniani hutoa kiasi cha asilimia 7 hadi 8 ya hewa ya ukaa inayotokana na kazi za binadamu.

Mkono unafundishwaje

Hapa ndipo tunapotaka kukaa zaidi, kwa sababu itikadi isiyoshika tope haijengi nyumba.

Kazi huanza kwa kuujua udongo. Tabaka la juu lenye mizizi na mboji huondolewa, kwa kuwa linafaa bustani na halifai ukuta. Udongo wa chini hujaribiwa kwa njia nyepesi. Weka udongo katika chupa ya kioo hadi theluthi, jaza maji, tikisa, acha usiku kucha: mchanga hukaa chini, vumbi laini katikati, mfinyanzi juu. Au viringisha udongo wenye unyevu kama kamba nene ya kidole, uusukume polepole nje ya ukingo wa meza. Ukikatika mapema sana, mfinyanzi ni haba. Ukining'inia mrefu bila kukatika, mfinyanzi umezidi na tofali litapasuka likikauka. Katika mafunzo tuliyoyafanya na vijana katika nyanda hizo, mama mmoja mfinyanzi wa vyungu aliwatazama wakihangaika na chupa, akachukua donge, akalitafuna kidogo, akatema, akaonyesha shimo la pili. Chupa ilikuja kumuunga mkono siku iliyofuata.

Tukio hilo lina uzito wa kinadharia. Mafunzo ya uashi kwa muda mrefu yaliwaita wanaume. Lakini kuchota maji, kukata nyasi, kukandika na kusiriba kuta kwa kawaida vimekuwa kazi ya wanawake, na ufinyanzi vilevile. Yaani nusu ya ujuzi wa udongo iliachwa nje ya darasa, kisha tukaambiwa wananchi hawana ujuzi.

Udongo ukishapatikana hulowekwa, ukachanganywa na nyasi zilizokatwa fupi, ukakanyagwa kwa miguu mpaka madonge yote yaishe, kisha ukaachwa walau usiku mmoja. Haraka hapa hulipwa kwa nyufa. Kalibu ya mbao huloweshwa, tope hutupwa ndani kwa nguvu ili pembe zijae, juu husawazishwa, kalibu huinuliwa. Matofali hukauka kivulini au chini ya nyasi, maana jua kali hukausha uso kabla ya tumbo. Baada ya siku chache husimamishwa kwa ubavu, na hukaa wiki tatu au nne kabla ya kujengewa. Ndiyo maana kazi ya kufyatua ni ya Juni, ukuta ni wa Agosti, na paa lazima liwe juu kabla ya Oktoba kumalizika.

Adui wa ukuta wa udongo ni maji, na maji hushambulia kutoka mahali pawili, chini na juu. Kwa hiyo msingi na futi moja hivi ya ukuta juu ya ardhi hujengwa kwa mawe, na upenu hutokeza nje si chini ya sentimita 60. Nyumba nyingi zinazotajwa kuwa ushahidi kwamba udongo haufai hazina msingi wa mawe wala upenu. Upande unaopigwa na mvua husiribwa kwa udongo laini uliochanganywa na mchanga, samadi ya ng'ombe na majivu, na hurudiwa kila baada ya msimu mmoja au miwili. Sakafu nayo ipigwe mpaka isibaki ufa. Hili la ufa si la urembo: papasi, wadudu waletao homa ya papasi, hujificha katika nyufa za sakafu na kuta za udongo, na yeyote anayetetea nyumba ya udongo bila kulitaja jambo hilo anawadanganya watu.

Mwenye uwezo kidogo anaweza kuimarisha tofali kwa saruji bila kuwa mtumwa wake. Mashine ya mkono iitwayo CINVA-Ram, iliyobuniwa na Raúl Ramírez huko Bogotá, Colombia, katika miaka ya 1950, hukandamiza udongo wenye unyevu kidogo kuwa tofali la sentimita 29 kwa 14 kwa 9. Tofali hilo lina uzito wa kilo 7 hivi. Likitiwa saruji asilimia 5, mfuko mmoja wa kilo 50 hutoa matofali kama 140. Halichomwi kwa kuni. Nchini Uganda, Dk. Moses Musaazi wa Chuo Kikuu cha Makerere aliendeleza matofali ya udongo yanayoshikana kwa meno, yanayopunguza sana lipu baina yao. Huko Gando, Burkina Faso, Francis Kéré alijenga na wanakijiji wenzake shule ya msingi ya matofali ya udongo iliyokamilika 2001, akainua paa la bati juu ya dari ili hewa ipite. Mwaka 2022 akawa Mwafrika wa kwanza kupata tuzo ya Pritzker, tuzo kubwa kabisa ya usanifu majengo duniani. Jambo la kuchekesha, kama si la kusikitisha, ni kwamba Ulaya na Marekani hivi sasa watu hulipa ada kwenda kukanyaga tope na kujifunza kusiriba ukuta, wakati kijana wa Mabamba huona aibu kuonekana akifanya hivyo bila ada.

Mpaka na wakimbizi

Ujuzi hauna pasipoti. Waha na Warundi husikilizana lugha, na mpaka uliochorwa na wakoloni, ambao kwa sehemu hufuata mto Malagarasi, haukukata namna ya kujenga. Kambi ya Nyarugusu ilipofunguliwa Kasulu mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Zaire, wengi wao walijijengea nyumba za tofali mbichi. Mwaka 2015, Warundi walipoikimbia nchi yao, Mabamba ilikuwa mojawapo ya milango yao, na kambi ya Nduta wilayani Kibondo ilifunguliwa tena Oktoba mwaka huo. Waliishi kwanza chini ya maturubai. Turubai lilikuwa limesafiri kupita mabara. Udongo ulikuwa chini ya miguu yao. Waliopata nafasi na kalibu walianza kufyatua.

Wenyeji walilalamikia kuni na miti iliyokatwa, na malalamiko yao yalikuwa ya haki. Hata hivyo tofali mbichi halikuwa chanzo chake. Walau halikutaka tanuru. Tatizo la tofali mbichi lilikuwa jingine: mashimo. Kila nyumba huacha shimo lenye ukubwa wa kuta zake, na shimo likijaa maji ya Novemba huzaa mbu mwezi huo huo.

Kwa hiyo matawi yanayokusudia kuanzisha vikundi vya kujifunza kujenga kiangazi kijacho yapange mambo haya kabla ya kufyatua tofali la kwanza. Shimo lichaguliwe na serikali ya kijiji, liwe moja kwa kikundi badala ya moja kwa kila kaya, na mahali pake pawe panapoweza kugeuzwa bwawa la samaki au shimo la taka litakalofukiwa. Mfinyanzi wa vyungu aitwe siku ya kuchagua udongo, na alipwe kama fundi. Nyumba ya kwanza isiwe ya mjane maskini ili ipigwe picha. Iwe ofisi ya tawi. Na orodha ya mahudhurio ya kukanyaga tope ianze na jina la katibu.